Beberu na Ua la Zebedayo

Tunduma, Sogea
21 Januari 2025

Kwako Witness,

Naandika kwa mkono wangu nikiwa nimelalia upande mmoja, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usicheke. Nyonga imevunjika. Wameweka chuma, na nitakaa hapa kwa binti yangu Jenista mpaka daktari aseme vingine. Hayo ndiyo niliyoyapata kwa kutoka mazishini Itaka kwenye matope na viatu vya kanisani.

Simu usipige. Masikio yangu unayajua, simu kwangu ni nyuki ndani ya kopo. Ujumbe wa maandishi pia usitume, maana Jenista anausoma kwanza, ananieleza kwa ufupi anavyotaka yeye, kisha anajibu kwa niaba yangu. Mwanangu ni mwema ila ana haraka. Wewe andika barua, funga bahasha, mpe Mika. Anashusha parachichi hapa kila Jumanne na Ijumaa, na amekubali kuwa posta yetu kwa kikombe cha chai.

Sasa kazi. Nyumba utaiweza, nimekuona ukifanya kazi. Kahawa ataiangalia shemeji yangu Lusungu. Kinachoninyima raha ni lile ua kubwa kati ya jiko na kahawa, lenye majani mazito ya kung'aa. Mzungu wa misheni aliyekuwa bosi wa marehemu mume wangu aliliita rododendro. Sisi hapa nyumbani tunaliita ua la Zebedayo, inatosha. Lina masharti, yashike. Lipe maji ya mvua kutoka pipa la bluu, ya kisima yana chokaa na halitaki. Usichimbe karibu yake wala usipalilie kwa jembe, mizizi yake iko juu juu. Mbolea ya dukani usiweke. Maua yakinyauka yavunje kwa vidole, taratibu, usije ukang'oa chipukizi lililo chini yake. Na mbuzi wasisogee pale hata kidogo.

Zebedayo ana miaka sita kaburini. Ua hilo alilishika kila siku ya maisha yake, na ukiniondoa mimi hakuna kingine alichokishika hivyo ambacho bado ni kizima. Nataka nilikute.

La mwisho nalisema ili tusizungukane. Uliingia kwangu Novemba, na begi moja, ukiwa nyuma ya mwanangu Lusajo, na hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyetumwa kwenu Ndalambo kuwaambia wazazi wako wasikutafute. Siku ile nilisema "Tutaona," na bado nasema hivyo. Lusajo amerudi kwenye malori yake ya Kongo, mimi niko kitandani, na ua langu liko mikononi mwako. Basi tutaona.

Tabita


Iyula
28 Januari 2025

Shikamoo Mama,

Pole sana na maumivu. Hapa wote wazima, na baba mdogo Lusungu anakusalimu.

Yote uliyoagiza nimeyafuata. Maji nachota pipa la bluu. Jembe sijalisogeza pale. Mbuzi nimewahamishia upande wa choo, na yule beberu mweusi nimemfunga kamba mbili maana moja ameshaizoea. Uwanja wako unang'aa, hata jirani yetu Mama Ferista alisimama njiani akasema sasa nyumba hii ina mwanamke. Niliona mchwa karibu na jiko nikawashughulikia kwa dawa ya kwetu, usiwe na wasiwasi. Sisi wa Ndalambo na mchwa hatuelewani.

Ulilolisema mwishoni nimelisoma, Mama. Mama yangu mzazi hajazungumza na mimi tangu siku ile. Nikipiga anapokea mdogo wangu Faith, anasema mama yuko shambani, na mimi namsikia mama mwenyewe nyuma akisema, mwambie niko shambani. Sikuja kwako kucheza. Siwezi kurudi kwetu kama mtu aliyejaribiwa akashindwa. Ua nitalitunza.

Witness


Tunduma
21 Februari 2025

Witness,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu ni kwa sababu huku hakuna cha kusoma.

Jenista ameweka saruji uwanja mzima, kuta hadi geti. Mmea mmoja tu upo, mshubiri, kwenye kopo la rangi, na wenyewe umejaa vumbi la malori. Malori yamepanga foleni kuanzia mpakani hadi sijui wapi, na mtu akipiga honi hata mimi nasikia. Jirani ni mama wa Nakonde, anakuja kila asubuhi kunisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," anakaa, ananisimulia habari zake zote, nami naitikia kwa kichwa. Nadhani ananiona msikivu sana. Nyonga inaendelea vizuri.

Nikueleze habari za ua, maana naona unalitunza bila kulijua. Zebedayo alikuwa mtunza bustani kule misheni miaka kumi na minne. Alipotuchumbia, mimi na shamba lile, alinyoosha tawi la chini la rododendro ya mzungu, akalilaza ardhini, akalifunika udongo na kuweka jiwe juu, akasubiri mwaka mzima lishike mizizi. Kisha akalikata akalileta nyumbani kwa baiskeli ndani ya kopo la maziwa ya unga. Hilo la kwanza lilikufa. Akasubiri tena, akaleta hili. Waliohesabu wanasema lina miaka arobaini.

Niambie, matumba yapo? Yaangalie kwenye ncha za matawi, yananenepa kuliko machipukizi ya majani, kama ncha ya kidole gumba. Yanakaa hivyo kipindi chote cha baridi na kufunguka Septemba. Yahesabu, uniandikie.

Tabita


Iyula
1 Aprili 2025

Shikamoo Mama,

Mvua ni nyingi, barabara ya kwenda Mlowo imekatika mara mbili. Ua linaendelea. Matumba yapo, sijayahesabu yote. Kahawa ni nzima. Ugua pole.

Witness


Iyula
6 Mei 2025

Shikamoo Mama,

Naandika nikiwa na aibu. Juzi Jumapili nilikwenda ibadani, na yule beberu mweusi alikata kamba zote mbili. Niliporudi nilimkuta kwenye ua. Amekula upande wote wa jikoni, majani na matumba, na yale ambayo hakuyamaliza yamebaki ya njano na yanadondoka. Nilimpiga kwa fimbo mpaka Mama Ferista akaja kuuliza kulikoni. Upande wa kahawa hakuufikia.

Naomba unisamehe, Mama. Ni uzembe wangu, ningemfunga mnyororo. Kama unataka auzwe nitamuuza, kama unataka achinjwe nitamwita jirani Isaka aje na kisu.

Witness


Tunduma
9 Mei 2025

Witness,

Beberu anaendeleaje? Nijibu hilo tu.

Tabita


Iyula
13 Mei 2025

Shikamoo Mama,

Nimelia nilipoisoma barua yako. Nilitegemea ugomvi, wewe ukamuulizia mbuzi. Beberu hajambo kabisa. Ananenepa, jana amekula magunzi ya mahindi na kipande cha ndoo, na leo amempiga pembe Isaka. Ahsante kwa moyo wako.

Witness


Tunduma
16 Mei 2025

Witness,

Basi hakula.

Nilipokuandikia kwamba mbuzi wasisogee, ulidhani nalilinda ua. Nilikuwa nalinda mbuzi. Majani ya rododendro ni sumu. Mwaka Lusajo alipoanza shule, Zebedayo alipunguza matawi, akayasahau njiani, na mbuzi wawili wa Isaka wakapita wakayatafuna. Walitoa povu na kulia kama watoto, na kesho yake Isaka akawafukia. Tulimlipa. Beberu anayekula upande mzima wa ua lile hawezi kuwa anampiga mtu pembe siku ya tisa.

Kwa hiyo beberu hana kosa, na fimbo alizopigwa alionewa. Sikuulizi ni nani. Nakuuliza ni nini kimetokea, kwa sababu ua linaugua na mimi sipo, na nisipojua nini siwezi kukuambia la kufanya.

Tabita


Tunduma
10 Juni 2025

Witness,

Ijumaa tatu na Jumanne nne Mika amekuja mikono mitupu. Leo nimemwambia nikose barua anikose mimi na chai, ndipo akafunguka. Anasema wiki iliyopita alikukuta barabarani kwenye kituo, asubuhi, na begi. Anasema ulimuuliza gari la kwenda Tunduma na kuunganisha Ndalambo linapita saa ngapi, akakuambia, na alipogeuza gari akaona unarudi nyumbani na begi lako. Hajui kwa nini ulirudi. Mimi pia sijui.

Sasa kaa chini nikusimulie kitu ambacho hata Jenista hakijui.

Lile ua la kwanza lililokufa nililiua mimi. Nilikuwa na miezi mitano tangu nitoke kwetu Itaka. Kwetu maua ya mlangoni humwagiwa maji ya kuoshea vyombo, hayaendi bure, na mama yangu alikuwa na maua mazuri kuliko kijiji kizima. Nikalimwagia ua la Zebedayo maji ya sabuni asubuhi na jioni, kwa bidii, nikitaka aone ameoa mtu. Likakauka. Alipotoka kazini akaliona, akaniuliza, na mimi nikasema: mbuzi.

Unaona? Hata hukunitungia uongo mpya.

Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa kidogo, akarudi, akaomba chakula. Mbuzi yule aliishi miaka mingine saba. Kila Zebedayo akipita alimpigapiga shingoni, na mimi nilidhani anampenda tu.

Miaka sita iliyopita, alipokuwa amelala na ugonjwa wake wa mwisho, ndipo aliponiambia. "Siku ile nilikwenda kumwangalia mbuzi. Alikuwa anacheua. Nikajua." Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakusema. Akasema, "Ungefunga begi ukarudi Itaka. Ua ningepata jingine."

Nilikasirika sana siku hiyo, kisha nikalia, kisha nikampikia uji. Sasa Mika ananiletea habari za begi, na mimi ndiye niliyekuuliza kwa ukali bila kukusimulia haya kwanza. Naomba radhi. Niandikie nini kilichotokea. Ukiweza, niandikie pia kwa nini ulirudi kutoka kituoni.

Mama Lusajo


Iyula
17 Juni 2025

Shikamoo Mama,

Ni kufagia. Na ni jivu.

Kwetu Ndalambo uwanja unafagiwa kabla jua halijatoka, mpaka ubaki udongo mtupu, kwa sababu ya nyoka. Mama yangu alimuua kifutu chini ya lundo la majani ambalo mimi niliacha kwa uvivu nikiwa na miaka kumi, na mdogo wangu Faith alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo. Tangu siku hiyo sijawahi kuacha jani likalala. Nilipofika kwako niliona chini ya ua kuna majani ya miaka na miaka, yameoza, yana unyevu, na nikadhani ni kwa sababu mzee hayupo na wewe umechoka. Ulipoondoka tu nikafagia. Madebe mawili siku ya kwanza. Nikayachoma. Kila asubuhi nikafagia tena, mpaka vimizizi vyembamba kama nyuzi vikaonekana juu, na vile vilivyonaswa na ufagio nikavikata nikidhani ni magugu.

Mchwa walikuwa upande wa jikoni. Kwetu dawa ya mchwa ni jivu. Nikamwaga jivu kuzunguka shina kila Jumamosi. Machi majani yakaanza kuwa ya njano, mishipa ikibaki kijani. Nikasema ni mchwa wamezidi, nikaongeza jivu. Likazidi, nikaongeza tena. Ile barua yangu ya Aprili ilikuwa fupi kwa sababu matumba ya upande huo yalikuwa yanadondoka nikiyagusa.

Nilisema mbuzi kwa sababu ya lile neno lako, tutaona. Nilijua nikisema kweli utasema umeshaona.

Nilirudi kutoka kituoni kwa sababu ilikuwa siku ya kumwagilia. Nilikaa na begi langu nikakumbuka kwamba pipa la bluu nimeliacha wazi, na kwamba nikiondoka hakuna mwingine anayejua maji ya kisima hayatakiwi. Nikasema nitamwagilia kwanza, nitaondoka kesho. Kesho yake nikasema hivyo tena. Sijafungua begi, lakini sijaondoka.

Nisamehe, Mama. Na beberu nimemwomba radhi, Mama Ferista ni shahidi.

Witness


Tunduma
20 Juni 2025

Mwanangu Witness,

Sikiliza, kulia tutalia baadaye. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Chukua kijiko cha mbao, usiguse jembe, ukwangue lile jivu juu ya udongo taratibu mpaka uone udongo wa rangi yake. Litupe mbali, kwenye migomba, huko halina shida. Mizizi iliyo wazi usiifukie kwa udongo wa uwanjani. Nenda na gunia kwenye miti ya paina nyuma ya kanisa, usichukue sindano za juu zilizo kavu, chukua za chini zilizoanza kuoza na ule udongo mweusi unaozishikilia. Weka unene wa kiganja, lakini shina lenyewe liache lipumue, usililundikie. Juu yake weka maganda ya kahawa ya mwaka juzi kutoka shimo la Lusungu, yale meusi, mapya yanaunguza. Maji ya pipa yakiisha chota ya kijito cha juu. Mara mbili kwa wiki yatosha, halipendi kuogelea.

Matawi, likwaruze kila moja kwa kucha. Chini ya gome pakiwa kijani liache. Pakiwa kahawia likate, na majani yake yafukie shimoni, kwa sababu ya unajua nani.

Sasa la upande wangu. Niliandika usichimbe, niliandika usipalilie, sikuandika usifagie. Yale majani aliyaweka Zebedayo mwenyewe, magunia mawili kila Julai, na baada yake nikaendelea mimi. Miaka arobaini hakuna aliyegusa pale na ufagio, nikasahau kwamba mtu mwenye bidii akifika atafagia. Kosa la kwanza ni langu.

Na nimekuficha jambo pia. Nyonga haiendelei vizuri. Natembelea fremu ya chuma, kutoka kitandani hadi mlangoni, na daktari amesema fremu hiyo ni yangu sasa. Jenista anataka nihamie hapa moja kwa moja. Anasema Iyula hakuna mtu wa kuniangalia. Aprili nilikuwa karibu kukubali. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ukijua sirudi ungeacha kulitunza.

Fungua begi.

Mama Lusajo


Iyula
22 Agosti 2025

Shikamoo Mama,

Begi nililifungua siku ile ile. Nguo zilikuwa na mikunjo, nikaona hata aibu kwenda nazo ibadani.

Nimefanya yote. Jivu lilichukua siku tatu kulikwangua kwa kijiko. Mama Ferista alikuja kuniangalia nikiwa nimepiga magoti, akauliza natafuta nini, nikamwambia natafuta udongo. Magunia ya paina nimeleta manne. Matawi tisa nimeyakata, yote ya upande wa jikoni. Kwa kweli upande ule sasa ni mtupu, Mama, sitaki udhani utalikuta kama ulivyoliacha. Kuna tawi moja la chini upande huo ambalo nilikuwa nimeshaliwekea kisu, nikalikwaruza, likawa kijani. Limetoa majani matatu, madogo, ya kijani safi.

Upande wa kahawa matumba yameshika. Nimeyahesabu kila siku, hayazidi kumi na moja na hayapungui.

Sifagii tena pale. Majani yakidondoka nayaacha. Mikono inawasha, lakini nayaacha.

Witness


Tunduma
2 Septemba 2025

Mkwe wangu Witness,

Jumamosi hii Lusungu na Efraimu, mzee wa kanisa, wanakwenda Ndalambo. Watawaambia wazazi wako lile ambalo lilipaswa kusemwa Novemba: binti yenu msimtafute, yuko kwetu. Sikulisema kwa sababu nilitaka nione kwanza. Nimeona. Nimeona mtu anayeahirisha kuondoka kwa sababu ya zamu ya maji, na huyo sitaki kumpoteza. Lusajo ameambiwa akirudi kutoka Kongo hapiti kwangu kabla hajapita kwa baba mkwe wake kupiga magoti na kumaliza mengine yote. Safari hii nilimruhusu Jenista amtumie ujumbe kwa haraka yake.

Watu hawaendi mikono mitupu. Mbuzi wa kumkabidhi mama yako atakuwa yule beberu mweusi. Lusungu anasema yupo mwingine mzuri zaidi. Nimekataa. Mimi nilimsingizia mmoja, wewe ukamsingizia mwingine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa heshima yake. Huyu atakwenda kwa heshima. Mwoshe, mtafutie kamba mpya, na mpe Lusungu chumvi ya kumtuliza njiani.

Nikiwa na fremu yangu siwezi kwenda. Ningeweza ningekwenda mwenyewe.

Mama yako


Iyula
23 Septemba 2025

Shikamoo Mama,

Jana simu imeita. Jina lililotokea ni la Faith, lakini aliyeongea alikuwa mama.

Hakunisalimu. Alisema, "Huyu mbuzi mliyemleta anakula kila kitu. Amekula kanga yangu." Nikasema, siyo kila kitu, mama. Akauliza ni kitu gani asichokula. Nikaanza kumweleza, nikamsimulia ua, jivu, kufagia, uongo, begi, kijiko, vyote. Kisha akasema, "Jivu nilikufundisha mimi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie mama mkwe wako nisamehewe, sikujua kuna mmea usiotaka usafi." Halafu akaniuliza kama nakula vizuri, Mama. Miezi kumi, na akaniuliza kama nakula vizuri. Nililia mpaka baba mdogo Lusungu akaacha kuanika kahawa akaja kusimama mlangoni.

Ua limefunguka. Matumba tisa kati ya kumi na moja, upande wa kahawa. Ni mekundu kwa ndani na yanakwenda yakififia nje, na kila ua ni maua mengi yaliyoshikana, hukuniambia. Nilidhani ni ua moja moja. Upande wa jikoni hakuna kitu, ila lile tawi la chini lina majani saba. Nimelilaza ardhini, nikalifunika udongo mweusi, nikaweka jiwe juu. Ndivyo ulivyoniandikia kuwa Zebedayo alifanya, na baba mdogo anakubali.

Chumba chako nimekipaka chokaa, ndani tu, mbali na ua. Fundi amepima mlango, fremu yako itapita. Kitanda nimekigeuza ili ukilala uangalie dirisha la upande wa kahawa. Hujaniambia kama unarudi na mimi sikuulizi. Nakuambia tu mlango una upana gani.

Mkweo,
Witness


Tunduma
30 Septemba 2025

Mkwe wangu,

Nimemwambia Jenista. Amelia, amekasirika, kisha amekwenda kuninunulia godoro. Mika atalitoa lile turubai la parachichi, godoro likae nyuma, anikalishe mbele na mito miwili.

Nakuja Ijumaa. Najua wageni wakija unafanya nini kuanzia alfajiri, na najua mikono inakuwasha. Pika, chemsha maji ya kuoga, mwite Mama Ferista aje anione nikishushwa. Nataka nipite juu ya majani yote ya ua la Zebedayo mpaka nilifikie.

Usifagie.

Mama yako,
Tabita